Hata Wewe Unahesabiwa

Landless, Thika
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama Wambua wangu,

Kaa chini kwanza. Kama uko jikoni, zima jiko, maana najua ukianza kusoma utasahau sufuria na Mitchell akirudi shuleni atapata makaa badala ya githeri ya nyanya yake.

Jana nimekula Meza ya Bwana.

Nimeyaweka hayo maneno kwa mstari wao peke yao ndio uyaone vizuri. Mimi, Nekoye, mama yake Trizah. Nimekula mkate na nimekunywa kikombe, mchana, mbele ya watu wote.

Wewe ndiye unajua nilivyokaa. Tangu ulipohama ukaenda kuishi na mwanao huko Ruiru, hakuna kilichobadilika. Kila mwezi mimi ndiye nakata mkate wa Meza. Natoa kingo zote za kahawia, nakata vipande vidogo kama meno ya mtoto, nafunika na kile kitambaa cheupe nilichokipiga pasi mwenyewe. Halafu Jumapili sinia likifika kwa benchi letu, nalipitisha kwa jirani kama mtu anayepitisha chumvi. Ng'ombe wa mahari walifika Bungoma zamani, wazazi wakatubariki, Trizah sasa ni msichana mkubwa, lakini kwa sababu mimi na Dismas hatukusimama madhabahuni, kanisani sisi bado ni watu waliookotana tu.

Sasa sikia. Alhamisi niko kwa kibanda nauza mboga, simu inalia. Ni Mzee Kiama, mwenyekiti wa wazee. Nikashtuka, nikadhani kuna mtu amekufa.

"Mama Trizah, Jumapili usikose," akasema. "Ni kula."

"Najua, mzee. Mkate nitakata kama kawaida."

"Siongei mambo ya mkate, mama. Nakuambia ni kula. Hata wewe unahesabiwa. Wewe si umebatizwa? Jina lako liko."

Unajua Mzee Kiama na ulimi wake, kila L kwake ni R. Akiombea wagonjwa anamwambia Mungu awasaidie "kurara." Sisi tumezoea kumtafsiria kichwani. Basi nikamtafsiria. Nikauliza, "Mimi, mzee? Hata mimi?" Akasema, "Hata wewe. Na usichelewe."

Niliacha sukuma wiki hapo na mteja, nikaingia nyuma ya kibanda nikalia.

Jana sinia lilipofika, alikuwa analishika Mzee Kiama mwenyewe. Nilinyoosha mkono. Alisimama kidogo, akaniangalia, nikadhani ni furaha imemkaba. Nyokabi, kiongozi wa kina mama, akageuka kabisa na kofia yake. Nilichukua, Mama Wambua. Kilikuwa kipande nilichokata mimi mwenyewe, lakini sijawahi kuonja mkate kama ule.

Baada ya hapo walianza kugawa vikaratasi sijui vya nini, na mimi sikungoja. Nilikimbia nyumbani kumwambia Baba Trizah. Alikuwa ananoa patasi yake ya mawe. Akasema tu, "Wamekupatia mwishowe?" Akaendelea kunoa. Bado ana kile kidonda cha mwaka ule mwili wa mama yake ulipokuwa unaondoka hapa kwenda kuzikwa nyumbani, na Mzee Kiama akasimama nje ya geti akasema jina la mama halimo kwa rejista, kwa hivyo kanisa haliwezi kuomba. Ni wewe uliyeanzisha wimbo, na kwa kuwa husikii ukaimba wimbo wako na sisi tukaimba wetu, Mungu akubariki.

Lakini mimi leo sina kidonda. Nimeitwa, nikaenda, nikala.

Nampa mwanao Wambua barua hii akileta mikate ya dukani na gari lake.

Mwenzako mwenye furaha,
Nekoye

*

Kihunguro, Ruiru
6 Machi 2025

Mama Trizah,

Nilisoma nikiwa nimesimama, sikukutii. Githeri iliungua. Mitchell alikula na chai, akasema nyanya yake akipata barua za Thika ni kama mtu amependa upya.

Nimefurahi mpaka nikapiga magoti. Mimi sipigi magoti ovyo siku hizi, kushuka ni rahisi, kuinuka ni mkutano.

Lakini wacha nikuulize. Vile vikaratasi vilikuwa vya nini? Hukuandika, na mimi masikio yangu yalibaki kwenye kile kiwanda cha nguo, siwezi kupigia mtu simu nikaulize. Mzee Kiama nimemsoma midomo miaka mingi nikikaa benchi la mbele. Kuna maneno ambayo kwa mdomo wake ni mapacha. Hata mama yao hawezi kuwatofautisha.

Sisemi kitu. Nauliza tu.

Na jambo moja nataka ulishike, liwe kwa mkono kabla hujalihitaji. Mtu akija kukuambia lolote kuhusu Jumapili hiyo, msikilize kwa heshima, mpe kiti, mpe chai. Lakini usitapike ulichokula.

Salimia Dismas. Mwambie ule wimbo wangu na wenu uliishia pahali pamoja, na Mungu ndiye aliyepanga sauti.

Mimi,
Mutheu

*

Landless, Thika
13 Machi 2025

Mama Wambua,

Ulijua. Ulijua ukanifichia, na sikulaumu.

Walikuja Jumanne jioni, Nyokabi mbele, Mzee Kiama nyuma na mzee mwingine wa kuandika. Nikawapa viti, nikawapa chai. Nyokabi akaomba, maombi marefu yenye jina langu ndani mara nyingi. Akimaliza akasema, "Mama Trizah, kwa nini ulikula?"

"Si mliniita?"

"Nani alikuita?"

Nikamwangalia Mzee Kiama. Na yeye, maskini, akasimama akiwa ameshika kikombe. "Nilikuambia ni kura, mama! Kura!"

"Ndiyo, mzee. Na nikala."

"Si kura ya kura! Kura! Ya kuchagua wazee! Ya kukunja karatasi!" Akaanza kukunja hewa kwa vidole. Trizah alikimbia nje, nikamsikia anacheka mpaka anakohoa.

Mama Wambua, kumbe siku hiyo moja, katika maisha yake yote, Mzee Kiama alisema neno sawasawa. Ni mimi nilimsahihisha.

Kumbe uchaguzi uliangukia Jumapili moja na Meza, na alikuwa anatafuta watu wa kumpigia. Na ameshindwa. Wanasema alipungukiwa na kura moja tu, na ni yangu, kwa sababu mimi nilikula nikatoroka. Sasa Nyokabi ndiye mwenyekiti. Ukiwa na nafasi cheka, kwa sababu mimi siwezi tena.

Nikauliza swali moja. Nikasema, "Kwa hivyo nastahili kuchagua wazee, lakini sistahili mkate?" Nyokabi akasema kura ni ya washirika, Meza ni ya watakatifu. Akanisomea yale maneno ya mtu anayekula bila kustahili, kwamba anakula hukumu yake, na kwamba ndiyo maana wengi ni wagonjwa na wengine wamelala. Alisoma polepole. Halafu akasema Jumapili ya kwanza ya Aprili nitasimama mbele ya kanisa nitubu kwa kula. Nikikataa, nitatengwa, jina litoke kwa rejista. Mpaka siku hiyo nisikate mkate. Akachukua kisu changu cha kukatia mkate wa Meza. Kile cha mpini wa mbao. Akakifunga kwa leso yake akaweka kwa mkoba.

Mzee Kiama hakusema neno lingine. Chai yake ilipoa.

Ningevumilia hayo yote. Lakini leo asubuhi Baba Trizah ameshindwa kuamka. Anachemka kama jiko, anatetemeka, anaongea na mama yake kana kwamba yuko hapo kwa kitanda. Mtu ambaye hajawahi kukosa kazi ya mawe hata siku ya mvua. Na ndani yangu yale maneno yanazunguka: wengi ni wagonjwa, wengi ni wagonjwa. Mimi ndiye nilikula, yeye ndiye ameanguka.

Niambie, Mama Wambua. Nikisimama niseme nilitenda dhambi, Mungu atamwachilia? Niko tayari kusema. Niko tayari kusema hata leo kwa dirisha. Lakini shida yangu ni hii: siku ile nilipokula ndiyo siku moja nilijua kwa hakika kwamba Yesu ananipenda. Sasa nikisema ilikuwa dhambi, hakika hiyo naipeleka wapi?

Nekoye

*

Kihunguro, Ruiru
14 Machi 2025

Nekoye, dada yangu,

Nimeandika barua hii kwa haraka ili Wambua aende nayo kesho alfajiri. Anza na hili kabla hujasoma mengine: mpeleke Dismas hospitali. Hiyo inanukia taifodi. Maji ya huko Landless nayajua, niliyanywa miaka. Taifodi haisomi rejista ya kanisa. Nenda, halafu urudi usome.

Umerudi? Sawa.

Yale maneno Nyokabi alikusomea ni maneno ya kweli na mimi sitayapunguza hata nukta. Lakini yaliandikiwa akina nani? Waliandikiwa watu waliokuwa wanakuja mapema, wanakula wakashiba na kulewa, na maskini wakija kutoka kazini wanakuta vyombo vitupu. Hao ndio walioambiwa wanakula vibaya. Wewe ulikula kipande kama jino la mtoto, na ulikuja na njaa ya miaka. Mwombe Mungu akuonyeshe ni nani hapo alikuwa anamfungia mwenzake chakula. Usinijibu mimi, na usimjibu Nyokabi. Ni swali la kila mtu na kioo chake.

Sasa nikueleze kitu cha kiwandani. Pale kwa mashine za kufuma, kila uzi unapita kwenye kipande kidogo cha chuma, chembamba kama wembe. Uzi ukikatika, kile chuma kinaanguka na mashine inasimama yenyewe. Ni kitu kizuri sana. Bila hicho ungefuma nguo yenye mashimo mpaka jioni na usijue. Mimi nilikiheshimu. Lakini miaka yote niliyokaa pale, sijawahi kuona kile chuma kikifunga uzi. Kinajua kusimamisha. Hakijui kufunga. Kufunga ni lazima mtu ainame aweke vidole mle ndani.

Sheria ni hicho chuma, Mama Trizah. Usiitukane. Ikianguka, simama, angalia kilichokatika. Lakini usiingoje ikufunge. Na kuna watu kanisani ambao wamependa sana sauti ya chuma kikianguka mpaka wamesahau kwamba mashine iliwekwa itoe nguo.

Yesu hakuja kuwa chuma kingine. Alikuja na vidole.

Unaniuliza utubu? Tubu. Tubu yale ambayo ni yako. Wewe unayajua, na mimi nikiwa jirani yako miaka yote hiyo nayajua mawili matatu. Lakini usiombe msamaha kwa kuitikia mwito. Hata ukisema ulisikia vibaya, mimi kiziwi nakuambia hivi: wewe mwenye masikio ulisikia vibaya kauli ya Mzee Kiama, ukasikia vizuri ya Bwana wake.

Na kuhusu harusi, sitakuambia ndoa ya kanisa ni bure. Ni njema. Nilifunga yangu na marehemu, na ilinishika siku nyingi ambazo mimi sikuweza kuishika. Dismas akipona zungumzeni, mkitaka. Lakini asisimame madhabahuni kama mtu anayelipa faini.

Neno la mwisho. Zile kingo za mkate ambazo ulikuwa unaenda nazo nyumbani ndani ya gazeti, mkila na chai wewe na Trizah na Dismas. Mkate ni ule ule mmoja, au ni uongo?

Mutheu

*

Hospitalini, Thika
21 Machi

Mama Wambua,

Ni taifodi kama ulivyosema. Amelazwa. Daktari ni msichana mdogo, amesema tungechelewa siku chache tungekuwa tunaongea mengine. Barua yako iko ndani ya Biblia, na Biblia iko chini ya mto wa Baba Trizah, kwa hivyo analalia vyote viwili.

Jana amefungua macho akaniuliza kama ni kweli nitasimamishwa kanisani. Trizah alimwambia, huyu mtoto hana breki. Nikasema ni kweli. Akafunga macho, nikadhani amelala tena. Halafu akasema, "Kingo za mkate. Kumbe mimi pia nimekuwa nikila."

Nikamwuliza, "Umesoma barua yangu?"

"Mtu akilazwa na barua chini ya kichwa, asome nini?"

Bado sijajua nitasema nini hiyo Jumapili. Omba.

N.

*

Makongeni, Thika
27 Machi 2025

Kwa Mama Wambua,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini nguvu unazo. Wambua ameniahidi atakufikishia barua hii bila kuisoma.

Nimeipitia mara mbili nikitafuta zile herufi zangu mbili zinazogombana. Ukiona moja imekaa kiti cha mwenzake, uisamehe, ni za ukoo mmoja.

Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa wazee siwezi. Kwa mchungaji naogopa. Wewe tulikaa kanisa moja miaka mingi, na najua husikii umbea, kwa namna zote mbili.

Nilimpigia Mama Trizah kwa sababu nilitaka kura yake. Hiyo ni kweli na si ya kujivunia. Lakini siku yenyewe nilipofika mbele yake na sinia, aliponyoosha mkono, nilielewa. Nilielewa pale pale alichosikia kwa simu. Ilikuwa imeandikwa usoni kwake. Na sinia lilikuwa mikononi mwangu. Ningelipitisha juu kidogo, kama tunavyofanya, na yeye angeelewa na yangekwisha hapo kimya kimya.

Sikulipitisha. Nililishusha.

Kwa nini, sijui. Niliangalia ule mkono, una alama za sukuma wiki kwa kucha, na nikafikiria kwamba mkate huu wote ameukata yeye. Nikakumbuka pia siku ile nilisimama nje ya geti lao mama ya Dismas akiondoka. Mvua ilikuwa inaninyeshea na nikajiambia ninasimama kwa ajili ya ukweli. Tangu siku hiyo nikiwa peke yangu husikia ule wimbo mlioimba vibaya.

Nyumbani kwa Mama Trizah nilinyamaza. Nilimwacha aonekane kwamba alijichukulia. Kwa hivyo swali langu ni hili. Kulingana na kanuni zetu nilifanya kosa, nilimpa asiyeruhusiwa, nikijua. Rakini kila nikitaka kutubu, moyo unakataa. Nimetubu mambo mengi maishani bila shida. Hili halitubiki. Je, mzee wa kanisa anaweza kutubia huruma?

Wako katika Bwana,
Kiama

*

Ruiru
29 Machi

Mzee Kiama,

"Rakini" nimeiona, na nimeisamehe.

Halitubiki kwa sababu si dhambi. Dhambi ni ile chai uliyoiacha ipoe.

Jumapili hiyo utakuwa kanisani, na yeye atakuwa amesimama peke yake. Mengine unayajua kuliko mimi.

Mutheu

*

Landless, Thika
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mama Wambua wangu,

Leo usizime jiko. Weka maji ya chai, utayahitaji.

Baba Trizah alitoka hospitali Ijumaa. Amekonda, suruali inamngoja nyuma. Jana nilimwacha ameketi nje kwa kigoda akiota jua, nikaenda kanisani na Trizah.

Mkate ulikuwa mezani, umefunikwa. Nyokabi alikuwa ameukata mwenyewe. Mchungaji alisoma jina langu nikasimama mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, yote yakaondoka. Nikasema tu:

"Nimeitwa kutubu na ninatubu. Nilimwonea wivu Nyokabi kwa sababu ya kiti chake na harusi yake, na nimemsema nyuma mara nyingi nikiuza mboga. Nyokabi, unisamehe. Nimemfokea mume wangu kwa mambo ya kanisa ambayo hakunikosea yeye. Nimeuza dania ya jana nikisema ni ya leo." Hapo watu walicheka kidogo, maana wengine ni wateja. "Lakini kula, siwezi kuita dhambi. Nilisikia naitwa. Kama nilisikia vibaya, mnisamehe masikio. Moyo mniachie."

Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Nyokabi alikuwa ameangalia mkoba wake. Mchungaji akafungua mdomo, na nyuma pale nikasikia benchi linasukumwa.

Ni Mzee Kiama. Akaja mpaka mbele na suti yake ya kahawia, akasimama kando yangu. Akasema, "Mimi ndiye nilimwita. Nilimwambia ni kura, nikimaanisha kura, na yeye akasikia kura."

Wee! Kanisa zima lilipasuka. Hata mchungaji alifunika uso na Biblia. Mzee hakucheka. Alingoja kama mtu anayengoja mvua ipungue, halafu akasema, "Chekeni tu. Lakini aliponyoosha mkono nilijua amesikia nini. Nilijua na nikampa. Hakuiba. Alipewa. Kama kuna wa kutengwa, tutengwe wawili, na mimi nianze."

Akanipa mkono kama mtu na mama yake, akanirudisha mpaka lile benchi la nyuma la waliotengwa, akaketi. Mimi kushoto, yeye kulia. Trizah akaja akajipenyeza katikati.

Sitakudanganya kwamba mbingu zilifunguka. Mchungaji alisema wazee watakutana watafute uso wa Mungu, na jina langu likae kwa rejista mpaka hapo. Meza ilipoanza, sinia halikufika kwetu. Lilipita. Lakini nikwambie kitu cha ajabu. Sikulia. Nilikuwa nimeshiba. Na nilipomwangalia Mzee Kiama, ambaye nadhani hajawahi kukosa Meza tangu abatizwe, alikuwa na uso wa mtoto aliyeruhusiwa kucheza.

Tukaenda nyumbani. Hatujamaliza kuvua viatu, Baba Trizah bado yuko nje kwa kigoda, namwona mtu amesimama kwa geti. Pale pale aliposimama mwaka ule. Ameshika kitu ndani ya gazeti.

Dismas hakuinuka. Akamwangalia sana. Akasema, "Mzee, hapo ulishawahi kusimama."

"Nilisimama."

"Siku ile ulikuwa unatafuta jina la mama yangu, hukuliona. Leo unatafuta jina la nani?"

Mzee Kiama akavua kofia. Halafu akasema, "Langu, Baba Trizah."

Mimi nilikuwa mlangoni na kiatu kimoja. Dismas akafikiria. Unajua anavyofikiria, kama mtu anayetafuta mahali pa kupiga jiwe lipasuke vizuri. Akasema, "Basi ingia. Linaweza kuwa huku ndani."

Akaingia, Mama Wambua. Alivuka lile geti. Alifungua gazeti juu ya meza yetu, na zilikuwa zile kingo. Kumbe alienda chumba cha nyuma cha kanisa kuziomba, na Nyokabi akampa bila kumwangalia, halafu akamwita arudi akamwekea na kisu changu juu, kile cha mpini wa mbao. Hakusema neno. Sijui ni msamaha au ni kuchoka, lakini kisu kiko hapa. Na kwa sababu Nyokabi hajazoea kukata, kingo zilikuwa nene, weupe mwingi umebaki. Kulikuwa na mkate mwingi kuliko ninaouleta mimi.

Nilipika chai ya maziwa. Mzee akaulizwa aombe, akakataa, akamwonyesha Dismas. Na Baba Trizah, ambaye hajaomba kwa sauti tangu mama yake aondoke, akasema, "Mungu, asante kwa mkate. Na kwa mama. Amina." Tukala. Kingo tukazichovya kwa chai, kikombe kikazunguka kwa sababu vikombe havikutosha.

Katikati Dismas akaniambia, mbele ya mgeni, bila kuniangalia, "Nikipata nguvu nitakuoa tena huko kanisani kwao. Lakini si kwa sababu ya mkate. Mkate tumeshakula." Nikamwambia nitafikiria. Mzee Kiama akacheka mpaka chai ikampalia.

Wambua akileta mikate kesho nitamwomba nafasi kwa gari akushushe hapa siku moja, uje wewe mwenyewe, ukae kwa kigoda kile. Lakini kabla sijafunga barua, wacha nikupe hii ya Trizah, maana nilisema hana breki. Mzee alipokuwa anaondoka, amefika getini, mtoto akamwita babu kwa lugha ya mzee, kwa kelele:

"Guka! Sasa leo ulikuja kula, ama ulikuja kura?"

Mzee akageuka. Nilidhani ataona haya. Akasimama pale pale getini, akafikiria, akavaa kofia yake.

"Mtoto wangu," akasema, "yote ni kura tu. Mungu ndiye anachagua, sisi ni kura."

Na mpaka sasa, Mama Wambua, hatujui neno gani alisema wapi. Lakini sote tulielewa.

Wako anayehesabiwa,
Nekoye